AHADI NA MLIPAJI WAKE: KISASILI CHA HARISHCHANDRA

Waswahili husema ahadi ni deni. Methali hiyo yatosha kumfunga aliyeahidi, lakini haisemi deni laweza kulipwa kwa jasho la nani. Suala hilo ndilo kiini cha mojawapo ya visasili mashuhuri vya Wahindu, nacho huliuliza ukingoni mwa mto, penye moto wa maiti.

Mjini Varanasi, ambao kwa jina la kale huitwa Kashi, ngazi za mawe hushuka hadi mto Ganges. Katika mbili kati ya hizo, Manikarnika na Harishchandra, maiti huchomwa. Kisasili cha Manikarnika, kinachosimuliwa katika Kashi Khanda ya Skanda Purana, chaeleza kwamba Vishnu alichimba kidimbwi hapo kwa kisahani chake cha vita, akakijaza kwa jasho la ibada yake. Shiva alipotikisika kwa furaha, kito cha sikio lake kikaanguka humo. Yaaminika pia kuwa Shiva humnong'onezea kila afaye Kashi neno la kumvusha, naye akaepukana na mzunguko wa kuzaliwa na kufa. Neema hiyo haimbagui maskini. Hata hivyo kuni zina bei, na moto wenyewe hutolewa kwa ada na watu wa jamii ya Dom, waliohesabiwa kwa karne nyingi kuwa najisi. Wokovu hautozwi chochote, ilhali kuchomwa hutozwa.

Katika mwanya huo ndipo asimamapo Harishchandra. Kwa mujibu wa Markandeya Purana, mfalme huyu alimpa mtawa Vishvamitra ufalme wake wote, kisha akabaki akidaiwa ada ya ibada. Ili atimize neno lake, alimwuza mkewe, kisha mwanawe, na mwisho akajiuza mwenyewe kwa mchoma maiti. Mwana aliumwa na nyoka akafa, na mama akamleta kuchomwa. Mapokeo ya jukwaani yameongeza ukali: mfalme anamtambua mkewe, na bado anamdai ushuru wa bwana wake, ambao ni kipande cha nguo.

Wasomaji wengi wameona humu sifa ya ukweli usioyumba. Gandhi aliandika jinsi mchezo wa Harishchandra alioutazama utotoni ulivyomwandama, na mwaka 1913 Phalke aliifanya hadithi hiyo kuwa filamu. Lakini usomaji huo wapita haraka mno mahali pagumu. Mke, katika Purana, ndiye anayependekeza auzwe. Yaweza kusemwa kwamba aliridhia, ingawa ridhaa ya asiye na njia nyingine ni ridhaa dhaifu. Mtoto hakuulizwa. Aliuzwa kwa sababu alimng'ang'ania mama yake. Ikiwa uadilifu ni kutimiza ahadi, basi hapa umetimizwa kwa mwili wa asiyeahidi lolote.

Je, kisasili chenyewe hakilioni tatizo hili? Tamati yake yaonyesha kwamba chaliona kwa sehemu. Mchoma maiti anafunuliwa kuwa Dharma, mungu wa uadilifu. Maana yake, haki ilikuwa imevaa umbo la mtu aliyedharauliwa kuliko wote. Mwana anafufuliwa. Naye mfalme, akiitwa mbinguni, anakataa kuingia bila raia wake wa Ayodhya, akitaka thawabu yake igawanywe kwao. Aliyewatwisha wengine gharama ya wema wake sasa anadai washirikishwe faida yake.

Fidia hiyo haifuti kosa, kwa kuwa ufufuo ni muujiza, na kanuni ya maadili haiwezi kutegemea miujiza. Yule aahidiye leo hana Dharma wa kumrudishia mwanawe. Kwa hiyo funzo la hadithi hii halipaswi kutafutwa katika uthabiti wa mfalme peke yake, bali pia katika kilio cha mama mwenye maiti mikononi. Kabla ya kusema ahadi ni deni, muungwana hana budi kuwatazama walio nyuma yake na kujiuliza nani kati yao atakayelipa.