Deni la Jibu

Msomaji wa hadithi za mpelelezi Bwana Msa anajua, kabla hajafungua kitabu, kwamba atajibiwa. Mtu ameuawa, watu wanashukiana, rafiki yake Najum anarukia jibu la karibu, na Bwana Msa na kiko chake ametulia anavuta. Kurasa za mwisho deni litalipwa. Muhammed Said Abdulla alikopa na kulipa hivyo kwa miaka mingi, tangu Mzimu wa Watu wa Kale uliotoka mwaka 1960 mpaka Kosa la Bwana Msa, 1984.

Lakini kama raha ingekuwa siri yenyewe, nani angerudia kusoma? Siri ikishafichuka imekwisha. Sisi tunarudia, na muuaji tunamjua. Nadhani tunachokirudia ni mwendo wa akili ya mtu tuliyemzoea: dunia inamvurugikia, yeye havurugiki. Kila kitabu kipya kinatuletea fumbo geni na mwenyeji yuleyule. (Mpelelezi Joram Kiango wa Ben Mtobwa ana wapenzi wake, nami nimemsoma usiku kucha, ila mbio na bastola humpunguzia mtu nafasi ya kufikiri. Labda namwonea.)

Hapa Kilwa Masoko, ambapo ukivuka maji tu uko Kilwa Kisiwani penye magofu, maswali hayana mwandishi anayedaiwa. Mwaka 1944 askari wa Australia aliokota sarafu kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake. Tano zilikuwa za shaba, za masultani wa Kilwa, na nyingine za Uholanzi. Nani alizifikisha kule? Wako wanaomtaja Mreno, wako wanaowataja mabaharia wa Makassar. Ushahidi wa kufunga kesi haupo, wala hapana atakayetukusanya sote barazani atueleze.

Basi je, hadithi hizi zinatudekeza, zikituzoesha jibu ambalo maisha hayana? Ingekuwa hivyo kama ukurasa wa mwisho ndio ungekuwa funzo lake. Tazama Bwana Msa anavyoanza katika Mzimu wa Watu wa Kale: maiti imekutwa penye mzimu, jibu liko tayari midomoni mwa watu, naye analikataa. Hajajua bado nani aliyeua; anajua tu kwamba jibu lililokuja upesi hivyo halijachunguzwa.

Magofu yetu ya Kisiwani nayo yalikuwa na mzimu wake, jibu lililokuja upesi. Waandishi wengi wa enzi ya ukoloni waliutazama Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa wakasema ni kazi ya wageni waliotoka ng'ambo, basi. Ilibidi wengine wachimbe, wapange vigae na misingi tabaka kwa tabaka, mpaka ukaonekana mji wa Waswahili uliokulia hapahapa, ukafanya biashara na ng'ambo na kupokea dini na ufundi. Wale waandishi walikuwa na vyeo, lakini katika jambo hili walikuwa akina Najum watupu.

Ambaye hajamsoma Bwana Msa aanze na Mzimu wa Watu wa Kale. Akimaliza, tafadhali, asimwambie mwenzake nani aliyeua.