Mali Ikishauzwa Hairudishwi?

Bismillahi Rahmani Rahim.

Ndugu zetu Waislamu, tumeletewa swali kutoka Kisumu. Mwenzetu mmoja alinunua trela mpya ya kuvutwa kwa trekta, apate kuchukulia miwa ya upande wa Kibos. Kesho yake, kabla haijapakiwa hata muwa mmoja, fundi aliona ufa katika chuma cha kuvutia, umefunikwa kwa rangi. Akairudisha siku ile ile. Muuzaji, naye ni mtu wa safu ya mbele msikitini, akamwonyesha stakabadhi iliyopigwa muhuri: mali ikishauzwa hairudishwi. Mwenzetu auliza: je, haki yake imekufa?

Twasema: haikufa. Sheria yetu ina mlango uitwao khiyari ya aibu. Mnunuzi akiona kasoro iliyokuwako kabla hajakabidhiwa mali, naye hakuijua, ana haki ya kuirudisha na kurejeshewa fedha zake. Ama lile sharti la muhuri, Imamu Nawawi ameeleza katika Minhaj kuwa muuzaji akishurutisha kujitoa katika dhima ya kasoro, sharti hilo humwokoa katika kasoro ya ndani ya mnyama tu, tena ile asiyoijua. Kwani mnyama huweza kula vizuri naye ni mgonjwa, mwenyewe asijue. Trela haili wala haiugui, na rangi haijipaki yenyewe.

Mtume wetu (s.a.w.) alitia mkono katika lundo la nafaka sokoni, vidole vikakuta umaji. Mwenyewe akasema imenyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka iliyorowa juu, watu waione; kisha akamkana kila mwenye kughushi.

Mnunuzi naye ana wajibu. Akishaiona kasoro asiitumie tena mali ile, wala asikawie; airudishe mara moja, mbele ya mashahidi. Akiitumia wiki nzima kisha akalalamika, haki ameitupa mwenyewe. Wazee wakishindwa kuwapatanisha, si dhambi kwenda mahakamani: Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 46, yampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa. Na dalali au jirani aliyeijua kasoro akanyamaza, ameshiriki dhambi.

Enyi watu wa pwani, msidhani haya ni ya Kisumu peke yake. Uislamu ulifika Mumias na nchi za Ziwa katika karne ya 19 pamoja na misafara ya wafanyabiashara waliotoka kwenu. Wengi waliujua kwa kumtazama mwenye kuuza kabla ya kumsikia mwenye kusomesha. Leo asiye Mwislamu akiuziwa ufa uliopakwa rangi, hatamlaumu muuzaji peke yake, atailaumu dini.

Nawe muuzaji, rudisha fedha hizo ungali hai. Huko tuendako hautasomwa muhuri wa stakabadhi.

Wallahu aalam.