UTATUA LINI MZIGO WAKO?

Kijana mwenzangu wa Kitete, hebu nikuulize: je, safari humtakasa mtu?

Huko India ipo treni ya anasa, Maharajas' Express, iliyoanza mwaka 2010. Ina vitanda laini, bafu na wapishi. Imewapeleka matajiri mpaka Varanasi, ambako Wahindu huoga katika mto Ganges wakitafuta kutakaswa. Jirani ni Sarnath, ambako Buddha alitoa fundisho lake la kwanza. Husimuliwa kwamba Buddha aliliacha jumba la kifalme ndipo akaanza kuitafuta kweli. Leo watu wanamfuata na jumba lao juu ya reli!

Usicheke, ndugu yangu. Wewe unapanda daraja la tatu, lakini ile hela ya mama uliyoiba unapanda nayo moyoni, na stesheni unashuka nayo.

Kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, wapagazi wa Kinyamwezi walitembea kutoka pwani na mizigo mabegani. Wakifika hapa, waliitua.

Wewe je? Usingoje safari. Mungu anakuona hapo hapo ulipo. Nenda leo, kamwambie: "Mama, nimekosa."