Msikiti wa Gede na Adabu ya Kuuzuru

Ama baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, tumeulizwa suala hapa Garbatulla. Kijana wa darsa yetu alirudi kutoka pwani akasema: "Sheikh, nalikwenda Gede, karibu na Malindi. Nalilipa kiingilio, nikapiga picha mbele ya mihrabu, nikatoka. Je, nalizuru msikiti au nalitazama mawe?"

Suala hili latuhusu sote. Msikiti Mkuu wa Gede ulijengwa katika karne ya 15, na mji ukahamwa katika karne ya 17. Mwaka 1927 serikali iliutangaza mji huo kuwa ukumbusho wa kihistoria. Leo watunzwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na mwaka 2024 ukatiwa katika Urithi wa Dunia. Paa la msikiti limeanguka, lakini mihrabu ingali yaelekea Makka.

Katika madhehebu yetu ya Shafi, msikiti hautoki katika wakfu kwa kubomoka: hauuzwi, wala haumrudii aliyeuweka, kwani ardhi yake yafaa kusaliwa. Muhammad bin al-Hasan, mwanafunzi wa Abu Hanifa, alisema humrudia mwenyewe. Basi wanavyuoni wamekhitalifiana. Lakini sisi tufuatao Shafi hatuna udhuru wa kuingia mle kama tuingiavyo sokoni.

Wako wasemao kuwa kwenda ni haramu kwa sababu ya kiingilio. Hayo hatuyasemi. Lau si ulinzi, huenda mawe yale yangalichukuliwa kujengea nyumba. Na Qur'ani yatuamrisha kutembea katika ardhi na kuzingatia mwisho wa waliotutangulia. Hata kaburi la pale lililoandikwa mwaka 802 wa Hijra ni la mazingatio, si la kupelekewa haja.

Huku kwetu nyikani mchungaji hupanga mawe chini ya mgunga kuelekea kibla, na apitaye huvua viatu kabla ya kuingia. Hapana wakfu, hapana paa, wala hapana mlinzi. Je, msikiti wa wakfu usipewe hata heshima hiyo?

Nalimjibu kijana: ukirudi, ingia na udhu, usali rakaa mbili kabla ya kukaa. Ukizuiwa, usigombane, simama kwa adabu, uwaombee walioujenga. Kisha rejea mtaani kwako, ukahesabu safu za alfajiri. Msikiti huanza kuwa gofu siku jirani yake asikiapo adhana akajifunika shuka.

Wabillahi tawfiki.