Shamba Linalonunuliwa kwa Siri



Jumapili ya 33 ya Mwaka A, Mama Kanisa hutusomea Injili ya talanta pamoja na sifa za mke mwema kutoka Kitabu cha Mithali, sura ya 31. Lakini somo hilo la Misa huruka aya kadhaa, na mojawapo ni ya 16, ambamo mama huyo analitazama shamba, analinunua, kisha anapanda mizabibu kwa mapato ya mikono yake. Ifungueni Biblia nyumbani mkaisome. Mtaona kwamba kuweka akiba na kuizalisha si dhambi, wala si kazi ya bwana peke yake.

Sasa rudini hadi aya ya 11. Kabla shamba halijatajwa, tunaambiwa kwamba moyo wa mumewe unamtumaini. Nyumba zetu nyingi zimeupindua mpango huo: shamba kwanza, mwenzi atajulishwa baadaye.

Tuchukue mfano wa bwana ambaye ni mwalimu. Kila mwezi anakatwa akiba ya chama cha ushirika. Anachukua mkopo wa mara tatu ya akiba yake, ananunua ploti, na bibi hajui. Wenzake wanamwomba awadhamini, naye anatia sahihi. Mmoja wao anaacha kulipa. Akiba ya mwalimu inashikwa, na mshahara unaanza kukatwa kwa deni lisilo lake. Muhula unafunguliwa, karo hakuna. Bibi anauliza, bwana anang'aka. Ukimwuliza kwa nini alificha, atakuambia alitaka kumfurahisha mama watoto siku ya kuhamia nyumba mpya. Labda ni kweli. Lakini bibi naye ana kitabu cha chama cha akina mama alichokificha chini ya godoro, maana anaogopa fedha zake zitaombwa. Wawili hawa hutoka benchi moja kwenda kupokea Ekaristi, huku kila mmoja akilinda hazina yake mwenzake asiione.

Hata Serikali imeliona jambo hili. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 hairuhusu nyumba ya ndoa iwekwe rehani bila idhini ya mwenzi, na Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inadai idhini hiyo hata katika kuuza. Ni aibu wakili akimwuliza bibi kile ambacho mumewe hakumwuliza.

Hata hivyo, kupatana tu hakutoshi. Anania na Safira, katika Matendo ya Mitume sura ya 5, walipatana vizuri sana. Walipatana kuficha sehemu ya bei. Kwa hiyo mnapopanga, lipeni nafasi fungu la maskini, na mwulizane faida inatoka wapi. Wanaoahidi kuzidisha fedha maradufu kwa majuma machache huwalipa wa kwanza kwa fedha za wa mwisho. Mwaka 2007 Wakenya wengi walipoteza akiba zao kwa namna hiyo.

Chagueni jioni moja, watoto wakiwa wamelala. Salini Baba Yetu. Kisha kila mmoja alete kitabu chake cha akiba, slipu ya mshahara, na zile jumbe za mikopo zilizomo katika simu. Aliye na deni la siri aanze yeye. Nawe unayesikiliza, usipandishe sauti kabla hajamaliza. Ukimkatiza leo, mwezi ujao hatakuambia.