Nafuu Isiyokusudiwa

Je, nafuu inayotokana na udhaifu wa chombo ni haki ya mtu, au ni dosari ya kuondolewa? Swali hili limenijia mahali nisipotarajia, katika michezo ya kompyuta inayowapotezea vijana wa hapa Same likizo zao.

Asili ya michezo hiyo ni zile mashine kubwa za kutumbukiza sarafu. Mwaka 1978 Mjapani Tomohiro Nishikado alitengeneza Space Invaders. Mtambo ulielemewa kuchora maadui wengi, basi wakatembea polepole. Kadiri walivyouawa, waliobaki wakaongeza mwendo. Hakulikusudia jambo hilo, ila alipoona utamu wake aliliacha.

Mwaka 1989 kampuni ya Konami ikatoa Gradius III, mchezo mgumu kupindukia. Kioo kikijaa risasi, mashine huzidiwa na kila kitu hupooza, kama lori lililosheheni likipanda kutoka Same kwenda Mbaga. Hapo mchezaji hupata upenyo. Sasa uhamishie mchezo huo kwenye mtambo wa nyumbani wenye nguvu zaidi. Risasi ni zilezile, lakini kupooza hakupo, na penye msongamano ndipo mkono unapoachwa nyuma. Hakuna aliyeongeza hata risasi moja, na mchezo umekuwa mgumu zaidi! Ndiyo maana toleo la PlayStation 2 la mwaka 2000 lilimwachia mchezaji achague kiasi cha kupooza.

Sisi walimu tunalifahamu jambo hili. Chuoni tulifundisha kwa chaki. Penye mchoro au hesabu ndefu mkono wa mwalimu ulikawia, na mwanachuo mzito alipumulia hapo. Zilipokuja karatasi za kuchapwa, ukurasa mgumu ulimfikia kwa kasi ya ukurasa mwepesi. Muhtasari haukubadilika. Baadhi ya wenzangu walisema kizazi kimeharibika, mimi sikukubali.

Mjukuu wangu hushikilia kwamba anayeshinda kwa kupooza amebebwa. Namwambia kuwa wachezaji wa kwanza walipimwa kwa mashine ile, pamoja na uzito wake wote. Kuuondoa uzito huo ni kutunga mtihani mwingine na kuupa jina la ule wa zamani. Yeye hunijibu kwamba wenzake wanaushinda huo mwingine vilevile. Ni kweli, wapo. Hata darasani walikuwapo waliosoma karatasi yoyote na kufaulu, na hao hawakunihitaji sana.