Aliyebania Pesa za Mwelekezi

Palikuwa na mwanafunzi mmoja wa Dunga, Kisumu, aliyeijua Parthenon ya Athens kama aliyezaliwa mlangoni pake. Angekueleza ilivyojengwa kati ya mwaka 447 na 432 kabla ya Kristo, ikasimama zaidi ya miaka elfu mbili, hadi mwaka 1687 ilipolipuka kwa mizinga ya vita kwa sababu watu walikuwa wameigeuza ghala la baruti. Lakini Thimlich Ohinga, ngome ya mawe iliyo huko huko Nyanza, hakuwa ameitia machoni. Likizo ilipofika akaazimia kwenda kuiona, aende asubuhi na kurudi jioni, kwa pesa kidogo iwezekanavyo.

Bibi yake, mchuuzi wa samaki pale ufuoni, alimkuta akihesabu nauli kando ya omena walioanikwa.

"Ya kurudi umeitenga?"

"Nitajua huko huko, dani."

"Mimi nikienda kununua samaki, kwanza naweka kando ya barafu na ya gari la kurudi. Inayobaki ndiyo ya samaki. Wewe umeanza na samaki."

Kijana alicheka, akaondoka jua limeshapanda. Matatu ya Homa Bay ikakaa stendi mpaka ijae. Akabadilisha magari, akapita Rodi Kopany na Ndhiwa, kisha akamalizia kwa bodaboda kwenye barabara ya vumbi. Alipofika ilikuwa alasiri. Kiingilio alilipa akinung'unika; mzee aliyetaka kumtembeza akamkataa.

"Mawe ni mawe, jaduong'. Nitayaona mwenyewe."

Akayaona, kweli, ila hakujua anachokitazama. Alipita mbio mbele ya kuta zinazodhaniwa kuwa zilianza kujengwa karne ya 16, zenye unene wa mita moja hadi tatu, nyingine zikimzidi mtu mrefu kimo. Hakujua kwamba maboma ni manne, Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch, wala kwamba eneo zima la ziwa lina mabaki ya maboma ya mawe zaidi ya mia tano, na haya ya Thimlich ndiyo makubwa na yaliyohifadhika kuliko yote. Aliinama kupita langoni akalaani ufupi wake. Hakukuwa na mtu wa kumwambia kwamba lango liliachwa dogo makusudi, ili adui aingie kichwa chini, mmoja mmoja. Watu waliishi humo na mifugo yao kizazi baada ya kizazi, jamii moja ikipokea kutoka kwa nyingine na kukarabati kuta, hadi karne ya 20.

Alichotaka kijana ni picha. Akaparamia ukuta, simu mkononi. Jiwe likacheza chini ya kiatu, la pili likalifuata, naye akaanguka pamoja nayo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huyu aliteguka kifundo, akashukuru.

Mzee alikuja, akamwinua, kisha akamwonyesha pale palipofumuka. "Tazama ndani. Hapa hakuna saruji wala udongo. Kuna ukuta wa nje na ukuta wa ndani, katikati mawe madogo ya kujaza. Jiwe linashikwa na mwenzake. Ukiling'oa moja, umeyalegeza yote yaliyoliegemea." Hilo lilikuwa somo lake la kwanza siku hiyo, na alilipata akiwa chini.

Hesabu ikafuata. Bodaboda hadi zahanati, dawa, mahali pa kulala kwa kuwa magari ya jioni yalikuwa yamekwisha, nauli ya kesho yake iliyoombwa nyumbani kwa simu. Pesa hizo zingemlipa mwelekezi mara kadhaa. Na hasara kubwa haikuwa yake: Thimlich Ohinga iliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2018, na Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inamhesabu anayeharibu eneo la turathi linalolindwa kuwa mkosaji.

Mwanafunzi kusafiri kwa pesa chache si kosa. Kosa ni kukata pasipokatika. Beba chakula chako, panda matatu ya alfajiri, nendeni kwa kundi ili mchangiane gharama za bodaboda na mwelekezi. Kabla ya safari, pita Makumbusho ya Kisumu, karibu tu na Dunga, ukaone boma la Kiluo lililojengwa pale kwa maonyesho. Ukishaelewa nyumba ya mke wa kwanza inakaa wapi na zizi liko wapi, utayasoma mashimo na misingi ya Thimlich kwa jicho jingine. Na mfuko ukikataa kabisa, Kit Mikayi iko njia ya kwenda Bondo, mwendo mfupi kutoka Kisumu. Miamba yake mikubwa iliyopandana, ambayo Waluo huiendea kwa maombi, inatosha kwa nusu siku.

Mwenye pesa kidogo, basi, na afupishe safari, asimfukuze mwelekezi. Afadhali boma moja ulilolielewa kuliko manne uliyoyapitia mbio, na kuta ambazo hazina chokaa hazimsamehe anayezifanya ngazi.